Ugonjwa Tuliouita Presha

Garissa, Ijumaa baada ya Alasiri, 1999

Hodan binti yangu,

Nakutakia amani, ingawa bado uko mjini humu humu na jioni tutakula sahani moja. Umeenda na mama yako kumuaga eeddo, na namjua dada yangu, hatawaachia mpaka awalishe mara mbili. Nimeona niitumie nafasi hii. Kesho kutakuwa na mizigo, na askari wa kusindikiza mabasi, na nusu ya mtaa itakuwa imekuja kukuaga, nami nitasimama pale niseme "haya, safari njema" kama baba mwingine yeyote. Ninayotaka kukuambia hayasemeki kando ya basi.

Mambo ya chakula, ya kufunga sanduku, ya nani wa kumsalimia kule Islii, Nairobi, na nani wa kumkwepa, mama yako ameyamaliza. Sina la kuongeza.

Utashangaa kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani ni Kisomali, na tukizungumzia masomo wewe na mimi huteleza tukaingia Kiingereza. Kiswahili kwetu ni cha sokoni na ofisini, na cha kumjibu askari kwenye kizuizi. Lakini haya nilijifunza kuyasema kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyejua neno la Kisomali, na mpaka leo nikijaribu kuyasema kwa lugha ya mama yangu ulimi unakauka.

Mwaka jana nilikaa Nairobi miezi mingi. Mliambiwa nina presha. Wadogo zako walikatazwa kupiga kelele kwa sababu ya presha ya baba, na majirani walipouliza waliambiwa presha, na ofisini iliandikwa presha. Wewe ulikuwa umeshamaliza kidato cha nne. Ulinitazama usoni ukasema, "Aabo, upone haraka," na nadhani ulijua tunakudanganya. Presha yangu ni nzuri, Hodan. Nilichougua ni ugonjwa wa huzuni, ule unaompeleka mtu kwa daktari wa akili. Sasa nimeandika, na mkono haukukatika.

Nianze mbali kidogo.

Nilizaliwa kisimani, upande wa Tarbaj, kwa watu ambao hakuna kati yao aliyewahi kushika kalamu. Nikapelekwa shule, nikafaulu, nikafaulu tena, mpaka nikafika Kabete kusomea udaktari wa mifugo. Niliporudi, babu yako aliniuliza swali moja tu: "Sasa utaweza kumponya ngamia?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo jina alilonipa yeye mwenyewe likafa. Aliniita Dhakhtar. Ayeeyo, bibi yako aliyenizaa, aliniita Dhakhtar. Mama yako, ambaye tumelea watoto pamoja, ananiita Dhakhtar. Nililipenda jina hilo. Ni la heshima kweli. Lakini mtu anayejulikana kwa kazi yake tu, siku kazi ikimshinda hata yeye hajui ajiite nani.

Ulikuwa mdogo ukame wa mwanzo wa miaka hii ya tisini ulipotupiga. Wakimbizi walipovuka mpaka na mbuzi waliobaki mifupa, mimi ndiye niliyekwenda kambi za Ifo na Dagahaley kuwachanja wanyama wao. Mifugo ya Wajir ikifa, naitwa mimi. Likizo zangu sikuzichukua hata moja. Nikishikwa na malaria nilitundikiwa maji asubuhi, na jioni niko ndani ya Landrova. Wazee waliinuka kunisalimu kila nilipoingia barazani. Wakubwa wangu waliniandika kuwa ofisa wa mfano. Watu wakisema, "Huyu Dhakhtar hachoki," mimi nilicheka nikaongeza kazi nyingine. Nilikuwa nachoka sana. Sikuwa na mtu wa kumwambia, na ningempata nisingemwambia.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya mwaka juzi. Wewe unaikumbuka kwa mtihani wenu, mlivyouandika huku maji yamezunguka shule. Mimi naikumbuka kwa Mzee Dahir.

Mzee Dahir ni mfugaji wa upande wa Dagahaley. Namjua tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Hakuwa na makuu. Alikuwa na mbuzi na kondoo, ngamia wachache, mke mmoja, Maryan, na mtoto wa kiume aliyebaki hai, Bashir, kijana wa rika lako. Barabara zilikuwa zimekatika, na alitembea ndani ya maji mpaka mahali ambapo gari letu lilikuwa limekwama. Nguo zake zilikuwa zimemganda mwilini.

"Dhakhtar, mbuzi wanatupa mimba. Wote. Na wengine wanatoka damu puani wanaanguka. Tufanye nini?"

Mifugo ilikuwa inakufa kila mahali wakati ule. Wanyama waliotoka kwenye ukame wakiwa hawana nguvu walisimama majini usiku na mchana, kwato zikaoza, mapafu yakajaa. Nilishaona mamia ya namna hiyo na nilikuwa nimechoka. Nyuma ya Mzee Dahir kulikuwa na watu wengine wanangoja. Sikwenda kuwaona mbuzi wake. Nilimpa dawa ya sindano, nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Wale unaoona hawatapona, wachinje mapema kabla hawajafa. Usipoteze nyama."

Kwa watu wenye njaa ulikuwa ushauri mzuri. Ndio tuliokuwa tukiwapa wote. Akanishukuru, akaniombea dua, akarudi ndani ya maji.

Walichinja. Bashir alishika miguu, Maryan alichuna, damu ikawafika viwikoni. Siku chache baadaye wote wawili wakashikwa na homa, kisha wakaanza kutoka damu wao pia. Hapakuwa na njia ya kuwafikisha hospitali. Maryan alikufa kwanza, Bashir akafuata. Dereva wetu aliyepata habari sokoni ndiye aliyenieleza, nikiwa nakunywa chai, na nikaendelea kuinywa mpaka ikaisha. Sikuhisi kitu. Nilimwuliza dereva kama gari lina mafuta.

Baadaye sampuli za damu zilipimwa tukaambiwa ni homa ya Bonde la Ufa, inayoletwa na mbu, na mtu huipata pia akishika damu ya mnyama mgonjwa. Tukaanza kuzunguka na kipaza sauti, kwa gari palipopitika, kwa miguu palipokataa: msichinje mnyama mgonjwa, msiguse damu, msile. Mimi ndiye niliyetangaza zaidi ya wote. Niliacha kulala kambini na wenzangu, nikawa natangulia. Nilikuwa nafika mahali watu hawajala, nawaambia wasiguse kitu pekee walichobaki nacho. Walitii kwa sababu ni Dhakhtar amesema. Kila niliposema "msichinje" nilimsikia yule mtu mwingine akisema "wachinje mapema."

Nilipewa sifa kwa kazi ile. Waziri mdogo alinishika mkono hadharani. Mama yako alinishonea kanzu mpya.

Sikuanguka wakati wa kazi. Nilianguka kazi ilipokwisha, na ndiyo sababu hakuna aliyeelewa. Maji yalikauka, majani yakaota, watu wakarudi kucheka sokoni, na mimi asubuhi moja nikasimamisha gari mbele ya ofisi, nikazima, nikashindwa kushuka. Nilikaa ndani na madirisha yamefungwa, kwenye joto hili la Garissa unalolijua, mpaka karani akaja kugonga kioo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kisha nikaanza kushindwa hata kufika.

Usidhani huzuni hiyo ni kulia. Ningelia ningeshukuru. Chakula kilikuwa hakina ladha, hata maziwa ya ngamia nilikunywa kama maji ya bomba. Nilisimama kuswali, nikafika katikati ya Al-Fatiha nisijue nimesoma nini, nikaanza upya, nikapotea tena, mpaka nikaona aibu kusimama mbele ya Mungu namna ile nikaacha kwenda msikitini. Usingizi ukanikimbia. Sauti ya mbuzi wa jirani ilinifanya nizibe masikio, mimi, daktari wa mifugo. Kulikuwa na uchovu ambao kulala hakukuuondoa na kupumzika hakukuugusa. Wadogo zako wakinisogelea nilihisi wananivua ngozi. Wewe ulikuwa unawaita, "Njooni huku, mwacheni Aabo." Nilikusikia kila mara.

Watu wakaanza kutafuta dawa. Sheikh aliletwa akanisomea Qur'ani, akasoma juu ya maji nikanywa, na siku zote atabaki na shukrani yangu, kwa sababu alipokuwa anasoma nilipata nafuu. Akiondoka, nilirudi nilipokuwa. Wengine walisema ni jicho la husuda. Ami yako mmoja alisema niongezwe mke wa pili, na mama yako akamletea viatu vyake pale pale alipoketi. Na kulikuwa na waliosema chini chini, waalan, mwendawazimu, kwa sababu kwetu hakuna daraja nyingi: mtu ni mzima, au amefungwa kamba. Kule makambini wakimbizi walikuwa na neno lao, buufis, kwa yule ambaye roho yake imehama mwili umebaki kwenye foleni ya mgao. Lakini hilo ni la mkimbizi. Mtu mwenye gari la serikali na jina kubwa angepataje buufis? Nilijiuliza mwenyewe kwa dharau kuliko mtu mwingine yeyote. Nimekosa nini mimi? Nani amekufa kwangu?

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nikiruka barua hii haina maana.

Nilianza kufikiri kwamba nyumba hii ingepumua zaidi bila mimi. Fikira hiyo ilikuja taratibu, ikawa kama hesabu ya kawaida. Pale chumba cha nyuma lilikuwepo kabati la dawa za kazi. Nilikuwa nakaa karibu nalo. Siku moja baada ya Adhuhuri nikaenda nikakuta lina kufuli jipya, na mama yako amesimama mlangoni na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso yake.

"Nimeona unavyoliangalia," alisema. Hakuwa analia. "Dhakhtar, mimi si msomi. Lakini nimelelewa kwenye ukame, najua mnyama anapoamua kutoamka anavyotazama."

"Sahra, nimechoka tu."

"Basi utachokea Nairobi. Nimeshapiga simu kwa kaka yangu Yusuf. Tunaondoka kesho."

Usimdharau kamwe mtu atakayekufungia kabati, Hodan. Mimi nilimchukia njia nzima mpaka Thika.

Abti Yusuf alitupokea Islii. Daktari wa hospitali alinihoji akaniandikia vidonge vilivyonikausha kinywa na kunifanya nisinzie mchana, kisha akasema vidonge peke yake havitoshi, kuna mtu nitahitaji kuzungumza naye. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Mtu huyo alikuwa mwanamke, Mtaita, mdogo kwangu kwa umri, Bi. Mghoi. Alikuwa na chumba ghorofani juu ya duka la vitambaa, viti viwili, dirisha linaloingiza kelele zote za mtaa. Nilimtazama nikafikiri: huyu atanifundisha nini? Mkristo, mwanamke, hajawahi kuona ngamia ila kwenye picha.

Akaniuliza kwetu wananiitaje. Nikasema Daktari.

"Mkeo?"

"Daktari."

"Mama yako mzazi?"

Nilianza kumweleza kazi yangu badala yake, wilaya ngapi, wanyama wangapi waliochanjwa, kwa Kiingereza, kama ninayesoma taarifa mbele ya wakubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo yote yamefanywa na ofisi. Wewe ulikuwa wapi?" Nikakasirika nikaondoka kabla ya wakati. Nilimwambia Yusuf sirudi. Wiki iliyofuata Yusuf alifunga duka lake akanitangulia barabarani bila kugeuka nyuma, nami nikamfuata kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana.

Bi. Mghoi ndiye aliyeniomba niache Kiingereza. Alisema nikizungumza Kiingereza anamsikia ofisa. Kisomali hakukijua. Kikabaki Kiswahili, na Kiswahili changu unakijua, "p" inageuka "b" nikiwa na haraka. Nilipomwambia, "Niliboteza watu wawili," hakucheka. Alingoja. Na mimi, ambaye katika Kisomali kila neno lina ukoo na kila sentensi itarudi Tarbaj kabla sijarudi mimi, ambaye katika Kiingereza ningesema tu "vifo viwili," nilijikuta sina pa kujificha. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha namna ya kusema uongo wa heshima kwa Kiswahili. Nikamwambia habari za Mzee Dahir. Nikasema, "Nilimwambia achinje."

Hakuniambia si kosa langu. Wengi walikuwa wameshaniambia hivyo, na kila mara nilihisi wananifunga mdomo. Aliniuliza, "Siku ile ulijua ni ugonjwa gani?"

"Sikujua."

"Ungekwenda kuwaona wale mbuzi ungejua?"

"Pengine. Pengine hapana. Lakini sikwenda. Nilikuwa nimechoka."

"Hilo la kuchoka ulimwambia nani?"

Hapo ndipo nililia, mbele ya mwanamke wa watu, mtoto wa Tarbaj, na chini watu wanauza vitambaa. Usifikirie kwamba nilitoka pale nimepona. Nilitoka na kichwa kinaniuma nikalala mpaka kesho yake. Wiki mbili baadaye nilikuwa vibaya zaidi ya mwanzo, nikamlaumu yeye.

Dawa ilikuwa ndiyo hiyo: kupanda ngazi zile kila wiki, kuketi, kusema. Kati ya wiki na wiki alinipa kazi ambazo ungecheka. Kutoka nje ya nyumba kila siku kabla ya jua kuwa kali. Kununua muhindi wa kuchoma na kuula wote nikiwa nimeketi, bila kufanya kitu kingine. Kumwambia Yusuf kila jioni neno moja la kweli kuhusu siku yangu, na Yusuf, mfanyabiashara yule, alikuwa anaketi na kusubiri neno lake kama mtu anayesubiri mshahara. Nilidhani kazi hizo ni za watoto. Nilishindwa kuzifanya kwa wiki nyingi. Siku niliyosikia muhindi una chumvi na ndimu, nilisimama barabarani nikashindwa kwenda mbele wala nyuma.

Nilimwuliza Bi. Mghoi mwishoni ni kwa nini mimi, kwa nini si wale wavivu wa ofisini. Akasema watu wanaofika kwake wakiwa hawana kitu ndani karibu wote ni wale waliokuwa wanasifiwa. Mawakili, mameneja, daktari mmoja wa upasuaji. Aliyezoea kuangushwa huwa amejifunza namna ya kuanguka. Msomi bora wa familia hajawahi kuruhusiwa.

Nilirudi nyumbani. Niliomba nitolewe kwenye ukubwa, nikarudi kuwa daktari wa kawaida, na wapo waliocheka. Kuna mzee aliyekuwa akiinuka kunisalimu barazani ambaye sasa huniamkia akiwa ameketi. Iliniuma, bado inauma. Na bado kuna asubuhi ninazoamka nikalikuta jiwe la ile huzuni limeshakaa kifuani kabla yangu. Zamani ningelibeba mpaka ofisini. Siku hizi namwambia mama yako, "Leo limekuja," naye hunijibu, "Haya, unywe chai nalo."

Nikamwendea Mzee Dahir. Bi. Mghoi hakunituma, alisema nifikirie kwanza naenda kwa faida ya nani. Sikufikiri vya kutosha. Nilimkuta peke yake kwenye aqal yake, kibanda chake cha mikeka, anarekebisha hori la kunyweshea wanyama. Nilimweleza yote. Kwamba sikwenda kuwaona mbuzi wake kwa sababu nilichoka. Kwamba niliugua mpaka nikatibiwa Nairobi.

Aliendelea na hori lake. Kisha akasema, "Kisu nilishika mimi. Ulidhani nimekulaumu wewe nikajisahau mimi?"

Akaligeuza hori upande wa pili.

"Wewe ulipougua kulikuwa na Nairobi ya kukupeleka. Kulikuwa na mtu wa kukaa akusikilize. Umekuja nikupunguzie mzigo, sawa, umepungua. Mimi wangu nimpe nani, Dhakhtar?"

Hakunipa chai. Unajua maana yake kwetu. Nilikaa pale chini mpaka kivuli kikasogea, kisha nikaondoka. Tangu hapo huwa naenda nikipita upande ule. Mara nyingine huzungumza habari za Bashir, alivyokuwa mbishi, alivyoogopa fisi. Mara nyingine hanijibu salamu. Naketi tu. Sijasamehewa, na sijui kama kusamehewa ndicho ninachokifuata siku hizi. Najua tu kwamba hakuna mwingine anayekwenda kumsikiliza, na kwamba nilichopewa mimi ghorofani kilikuwa bahati ya watu wachache mno.

Kwa nini nakueleza haya yote jioni ya kuamkia safari yako, wakati ungetakiwa kuondoka na moyo mwepesi?

Kwa sababu matokeo yako yalipokuja, katikati ya ule ugonjwa, ulinifuata hadi kwenye gari ukiwa unatabasamu. Ulikuwa wa pili shule nzima. Na mimi, nikiwa na mguu mmoja ndani ya Landrova, nilikuuliza, "Na wa kwanza alikuwa nani?" Ukanitajia jina lake. Nikafunga mlango. Hodan, wewe hujawahi kunikumbusha siku ile, na ndiyo maana naogopa. Kwa sababu nimeona tangu hapo unavyosoma. Nimeona unavyosukuma sahani pembeni. Mwezi uliopita barua ya chuo ilipofika, kila mtu nyumbani alipiga vigelegele, na wewe ulienda nyuma ya nyumba ukatapika, ukanawa uso, ukarudi unacheka. Wengine walikuona unacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba.

Unakwenda kusomea udaktari wa watu. Utakuwa hodari, sina shaka, na hilo ndilo linalonitisha. Watakuita Dhakhtar kabla hujamaliza mwaka wa kwanza. Watakuonyesha kwa mabinti wa Wajir na Mandera. Watakubebesha ukoo mzima kwa kukusifu, na watafanya hivyo kwa mapenzi. Sikwambii uwakatalie. Mimi sikuweza. Ila awepo mtu mmoja unayemwambia neno la kweli kila jioni. Kama ni Yusuf, anajua kuketi. Na ngazi zile anazijua. Ukihitaji kuzipanda, usingoje kwanza uwe kama nilivyokuwa mimi, wala usitafute ugonjwa mwingine wa kuzificha. Ukipenda kuuita presha mbele ya majirani, uite. Kwangu uite jina lake.

Nasikia lango, na mama yako analalamika kwamba eeddo amewabebesha nyama ya kulisha basi zima. Nafunga hapa, niifiche barua hii kati ya nguo zako kabla hujaingia.

Ikija asubuhi ukaamka huko na kitanda kikakukatalia, na vitabu vikawa vya mtu mwingine, usinitungie sababu. Panda basi. Njoo na begi au bila begi, na digrii au bila digrii, katikati ya mtihani ukibidi. Watu watauliza, na mimi ndiye nitakayewajibu. Wewe sitakuuliza kwa nini umerudi. Nitakuuliza kama umekula.

Baba yako